Mkeo kuwa mkavu sio ushahidi wa mchepuko, rudisha hiyo simu yake

Subiri kwanza mkuu, kabla hujaanza kupekua simu ya mkeo soma hapa. Umeandika anakwambia ana hamu na wewe, anakukumbatia mwenyewe, ila ukimgusa chini unakuta pakavu, basi umeshaamua kuna jamaa nje anammaliza, unatuuliza umbane vipi na dawa gani itamrudisha. Mimi niliwaza hivyohivyo na ilinigharimu miezi minane ya kulala sebuleni.

Mtoto wetu alikuwa na miezi mitano. Usiku ule yeye ndiye alianza, akanivuta mkono akaniambia amenimiss. Nikamgusa, pakavu. Nikawasha taa nikamuuliza "leo umetoka kwa nani?" Mwanamke kashinda ndani na mtoto tangu asubuhi, blauzi imelowa maziwa kifuani, jibu liko mbele ya macho yangu na sikulisoma! Hakunijibu. Akavuta shuka akamgeukia mtoto, na tangu siku ile hakuniambia tena kama ana hamu hata alipokuwa nayo, maana alishajua neno lake kwangu halina uzito, mimi naamini vidole vyangu tu.

Na mnaojiita walimu wa mapenzi kwenye magrupu nyie ndio mmetufikisha huku. "Mdomo unadanganya, mwili haudanganyi", nani aliwaambia? Kuna mmoja akaniuzia na unga eti wa kuongeza maji, mke wangu akaukubali ili tu nimwache na maswali, ukamuunguza siku nne akawa hata kukojoa analia. Nilipomrudia yule bwana akaniblock. Fundi wa ndoa za watu huyo, yake mwenyewe sijui inaendaje!

Aliyenifungua macho ni nesi, tulipompeleka kwa ajili ya ule muwasho. Swali lake la kwanza lilikuwa "ananyonyesha?" Akaeleza kuwa wakati wa kunyonyesha homoni ya estrojeni inashuka, uke unakauka hata kama mwanamke anakutamani vibaya sana. Wakati wa kukoma hedhi pia hivyohivyo.

Nikaenda kusoma mwenyewe. Ule ute unatokana na damu kujaa kwenye kuta za uke na majimaji kupenya, ni kazi ya mishipa, na hamu ni kitu kingine kinachokaa kichwani, mara vinaenda pamoja mara kila kimoja na njia yake. Mwaka 2010 mtafiti wa Kanada, Meredith Chivers, na wenzake walikusanya tafiti 132 za kati ya 1969 na 2007, wanawake 2,505 na wanaume 1,918, wanapima mwili kwa vifaa huku wakimuuliza mtu mwenyewe anajisikiaje. Kama vingeenda sawa kabisa jibu lingekuwa 1, kwa wanaume likatoka 0.66, kwa wanawake 0.26. Sasa wewe unataka kuvunja ndoa kwa kipimo cha namna hiyo? Hata Pfizer, kampuni ya dawa, walijaribu Viagra, ile dawa yao ya nguvu za kiume inayoongeza damu sehemu za siri, kwa wanawake kama 3,000, mwaka 2004 wakaachana nayo, maana kupeleka damu huko chini hakukumletea mwanamke hamu.

Na igeuze upande wa pili pia, hapa naomba msome taratibu. Mwanamke anaweza kulowa na hataki kabisa. Wapo waliobakwa miili yao ikatoa ute, wakaishi na aibu miaka wakidhani labda walipenda. Hawakupenda, mwili ulifanya kazi yake tu kama jicho linavyotoa machozi ukikata kitunguu. Akisema hapana huku amelowa, ni hapana. Akisema anataka huku ni mkavu, anataka. Muulize YEYE, na akishajibu mwamini, usiende kuhakiki kwa mkono.

Mimi ilibidi niombe msamaha zaidi ya mara moja, na mara ya kwanza aliniangalia tu akaendelea kukunja nguo za mtoto.

Halafu umeandika kwa kupita tu kwamba siku hizi anameza vidonge vya aleji kila usiku. Mkuu, vidonge hivyo vinavyokausha mafua vinaweza kukausha na huko chini. Kamuulize alianza kuvimeza lini, kisha angalia wewe ulianza kumshuku lini.