Ukipangiwa kutoa mada kwenye jukwaa la sera, anza na maswali

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Dodoma aliniandikia. Amemaliza shahada ya uzamili, ameajiriwa kama mtafiti msaidizi, na bosi wake amemtaka aandae mada kwa ajili ya mjadala wa wazi wa taasisi yao. "Dada, naomba unifundishe kutengeneza slaidi nzuri," aliandika. Nilimjibu kwa kifupi kwamba slaidi hazina shida. Leo nataka kumjibu kwa kirefu, yeye na wote wanaotamani kusimama mbele ya wadau na utafiti wao ukasikika. Najua mko wengi na najua mnachokitafuta: siku moja mkurugenzi wa halmashauri au waziri aseme jambo, nawe ujue lilitoka kwenye karatasi yako.

Mjadala wa sera huamuliwa wakati wa maswali. Mada yenyewe watu huisikiliza nusu nusu, simu mkononi, wengine bado wanajiandikisha mlangoni. Ni pale kipaza sauti kinapoanza kuzunguka ndipo ukumbi unaamka, na hapo ndipo mtu mwenye mamlaka anapoamua moyoni kama wewe unajua unachokisema au umekariri.

Nitaeleza nilivyolijua hilo.

Kazi yangu kwa miaka kadhaa sasa ni kutafiti mikopo ya asilimia kumi. Wasioifahamu: kila halmashauri Tanzania Bara inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo haina riba. Jambo hili liliwekwa kwenye sheria mwaka 2018, kanuni zikafuata 2019. Kisha taarifa za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zikawa zinaibua kila mara fedha zisizorejeshwa, na Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza bungeni kwamba utoaji wa mikopo hiyo unasimamishwa ili utaratibu uangaliwe upya. Ilirudi 2024. Kwa hiyo ni mada ambayo kila mtu ana maoni yake, kuanzia diwani mpaka dereva wa bodaboda.

Mara ya kwanza niliiwasilisha kwenye ukumbi wa hoteli moja Dar es Salaam, mikopo ikiwa bado imesimamishwa. Ratiba ilinipa dakika 20. Mgeni rasmi akachelewa. Tukamsubiri, akaja, akasoma hotuba, picha ya pamoja ikapigwa, waandishi wa habari wakakunja kamera zao wakaondoka naye. Mwongoza mjadala akaninong'oneza, "Dada, jitahidi dakika saba." Nikajitahidi. Akafuata mchokoza mada, yaani anayepangwa kuijadili na kuikosoa mada, mzee mwenye jina kubwa katika fani yetu, ambaye nilikuwa nimemtumia karatasi mapema kabisa. Alianza kwa kusema hakupata nafasi ya kuisoma. Halafu akaisema robo saa nzima. Eti vikundi nilivyozungumza navyo ni vichache, eti kazi ya namna hii ni simulizi za kina mama, na serikali haiendeshwi kwa simulizi. Watu wakacheka. Yakaruhusiwa maswali mawili, yote akaulizwa yeye. Tukaenda kula.

Bado inaniuma, siwezi kuficha. Kukosolewa nimezoea, ndiyo kazi yetu. Kilichoniumiza ni kwamba ukumbini mle alikuwemo mwenyekiti wa kikundi kimoja cha Mbagala, niliyemwalika mwenyewe na nauli nikamtolea mwenyewe. Alinyoosha mkono mpaka akachoka. Wakati wa chakula alikuja na sahani yake akakaa karibu yangu, akaniuliza, "Mwanangu, kumbe yale yote tuliyokueleza ulikuwa unawaletea watu hawa?"

Niwaeleze alichonieleza mama huyu, maana ndicho kilichoitwa simulizi. Kikundi chao kina daftari la jalada gumu, la mistari, limefunikwa kwa nailoni lisilowe. Ndani kuna majina, saini, na kwa wawili wasiojua kuandika, dole gumba la wino wa bluu. Waliomba mkopo wa kufuga kuku wa nyama, wakilenga sikukuu za mwisho wa mwaka. Fedha ziliingia benki sikukuu zimeshapita. Katikati ya kusubiri, baadhi ya wanachama walikuwa wameshabanwa na ada na kodi ya nyumba, wakakopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Siku mkopo wa halmashauri ulipotoka, sehemu yake ilikwenda moja kwa moja kuzima kausha damu. Yote yameandikwa kwenye daftari lile, mstari kwa mstari, nani alichukua na alikuwa anadaiwa wapi. Kwenye kumbukumbu za ofisi imeandikwa kwamba kikundi hakikutekeleza mradi. Basi.

Ukisoma kumbukumbu za ofisi tu, utasema kina mama hawarejeshi. Ukisoma daftari, utaona mkopo usio na riba umemalizikia mfukoni mwa mkopeshaji wa riba ya kutisha, kwa sababu ya tarehe. Hiyo ndiyo hoja yangu ya sera, na nilistahili kuulizwa juu yake.

Mwezi uliopita niliitwa tena, na taasisi nyingine, kwenye ukumbi mdogo zaidi. Safari hii nilipokea mwaliko kwa masharti. Niliomba muda wangu wa kuzungumza upunguzwe na muda wa maswali uongezwe, na niliomba mjadala uwe wa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wakashangaa kidogo, wakakubali. Kisha nikakaa mezani nikaandika maswali. Sikuandika ninayoyapenda. Niliandika ambayo kila mtu wa ukumbini angeniuliza kutokana na kiti chake: afisa maendeleo ya jamii, diwani, mweka hazina, mwandishi wa habari, mtu wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mwanakikundi. Kila swali likapata kadi yake, kwenye kadi jibu la sentensi mbili tatu na ukurasa wa karatasi yangu ulikotoka ushahidi.

Swali la pili tu, afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri moja alisimama. Hakuwa na tabasamu. "Unasema fedha zinachelewa. Zinachelewa wapi? Kwangu, kwa mweka hazina, au kwa kikundi chenyewe kinachohangaika na katiba na akaunti ya benki?"

Nilikuwa na kadi yake. Nilimweleza njia ya ombi moja kutoka kata hadi halmashauri, kutoka kamati hadi mkataba, kutoka mkataba hadi benki, na mahali lilipokaa muda mrefu kuliko kote: lilipitishwa, likasubiri makusanyo. Asilimia 10 ni ya mapato yaliyokusanywa, na ushuru hauingii sawasawa mwaka mzima. Ombi linaweza kuwa safi, afisa akawa mchapakazi, na fedha bado zisiwepo. Yule afisa alinyamaza, akasema, "Hapo nakubaliana na wewe, na mimi ndiye ninayelaumiwa mtaani." Kisha mwenyekiti wangu wa Mbagala akapewa kipaza sauti. Alisimama na daftari lake. Alizungumza bila haraka, na hakuna aliyemkatiza. Mjadala ulipokwisha niliwaona wawili hao pembeni wakipeana namba za simu, na kabla ya wiki kuisha nikaitwa kwenda kuzungumza na wakuu wa idara wa halmashauri ile. Najivunia siku ile, na nina haki.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Dodoma, slaidi zako ziache ziwe chache. Andika maswali. Ukimaliza andika mengine, yale unayoyaogopa. Mpe mwenzako akuulize kwa ukali. Ukishindwa kujibu swali kwa Kiswahili cha kawaida, bado hujalielewa jambo lako, hata kama kwa Kiingereza linasikika vizuri. Ukumbi mzima unazungumza Kiswahili kwenye chai, halafu ukiingia ndani mnahamia lugha ambayo mwenye kikundi na diwani wanaifuata kwa taabu. Halafu tunauliza kwa nini hawachangii.

Ukitaka kuona inavyofanyika, nenda ukakae nyuma usikilize. TGNP, Mtandao wa Jinsia Tanzania, pale Mabibo, Dar es Salaam, wamekuwa na semina zao za Jumatano kwa miaka mingi, watu wa mtaani na watafiti wakiwa kwenye viti vya aina moja, na anayeuliza anauliza kwa lugha yake. Policy Forum, mtandao wa asasi za kiraia, wana mijadala yao ya asubuhi. ESRF na REPOA, taasisi za utafiti, zote za miaka ya tisini, wanawasilisha tafiti zao hadharani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kigoda cha Mwalimu, kigoda cha kitaaluma chenye jina la Mwalimu Nyerere, kilipoanza tamasha lake mwaka 2009, mhadhiri mgeni alikuwa mwandishi wa Nigeria, Wole Soyinka. Usiende kwa ajili ya sambusa na posho, nenda na daftari, na uandike maswali ya watu badala ya mada. (Wanaokuja kwa ajili ya posho usiwadharau pia. Baadhi yao wanaijua halmashauri yao kuliko sisi wote.)

Kuna suala la takwimu, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mimi nilianza kazi hii wakati mgumu. Sheria ya Takwimu ya 2015 ilifanyiwa marekebisho 2018 na kuweka jinai kwa anayetoa takwimu za kupotosha au kukanusha zile rasmi. Mwaka huohuo shirika la Twaweza lilitoa matokeo ya Sauti za Wananchi, utafiti wao wa maoni kwa njia ya simu, yaliyoonyesha kukubalika kwa Rais wa wakati huo, John Magufuli, kumeshuka hadi asilimia 55, na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia inayotoa vibali vya utafiti, ikawaandikia kuwataka wajieleze. Watafiti wakubwa kwangu walianza kuficha namba zao kwenye droo. Sheria ililegezwa tena 2019, lakini woga haukuondoka nayo. Ukumbini bado utaulizwa, "Namba hizi umezitoa wapi?" Jibu lako liwe tayari: kibali cha utafiti unacho, sampuli uliichaguaje, takwimu rasmi zinasemaje, na kama zako zinatofautiana, zinatofautiana kwa sababu gani. Ukijibu hivyo kwa utulivu, hata aliyetumwa kukutisha atakaa chini. Nimeona kwa macho yangu.

Uliza pia mapema mjadala ni wa wazi au wa ndani. Taasisi nyingi siku hizi zinatangaza Kanuni ya Chatham House, ile ya London ya tangu 1927: yaliyosemwa unaweza kuyatumia, aliyeyasema humtaji. Kanuni hiyo inamsaidia afisa wa serikali kusema ukweli. Mwenye kikundi haimsaidii kitu, yeye anataka jina lake litajwe na tatizo lake liandikwe. Ukijua aina ya mkutano utajua nani wa kumwalika.

Na mchokoza mada wako, mpigie simu. Usitume barua pepe ukakaa. Mpigie, mwulize amesoma nini na hakubaliani na nini, na akikwambia hajasoma, mwombe mwenye mkutano atafute mwingine. Vijana tunalelewa tuone haya mbele ya wakubwa, na heshima ni jambo jema, nami sitakufundisha utovu wa adabu. Lakini utafiti wako si wako peke yako. Kuna watu walikufungulia nyumba zao na madaftari yao, wakakuamini. Ukikubali kuwa pambo la kujaza ratiba ya mgeni rasmi, umewauza na wao. Simama. Dai dakika zako, dai maswali, dai aliyekupa taarifa apewe kipaza sauti kabla ya chakula.

Baada ya mjadala, andika maswali yote uliyoulizwa, pamoja na yale uliyoyajibu vizuri. Toa muhtasari wa kurasa mbili, Kiswahili, maswali yakiwa ndiyo vichwa vya habari, utume kwa waliouliza. Na angalia kalenda. CAG humkabidhi Rais taarifa zake mwishoni mwa Machi, Bunge la bajeti linaanza Aprili, hotuba ya bajeti ya serikali husomwa Juni, na mwaka mpya wa fedha unaanza Julai mosi. Kama una jambo juu ya fedha za halmashauri, usikubali kupangiwa Juni. Omba Januari au Februari, madiwani wakiwa bado wanapitia makisio yao na kuna kitu cha kubadilisha.