Mama wa Kome, anza na mwalimu mkuu

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa mama mmoja wa kisiwa cha Kome, Ziwa Victoria. Ana binti wa miaka 12, yuko darasa la tano. Kuna mwanamke anayefahamika pale kijijini, kaja na kitenge na kilo mbili za sukari, anasema Dar es Salaam kuna familia ya watu wa dini inatafuta msichana wa kukaa naye na kumsomesha. Safari ni Jumatatu. Mama anauliza: "Dada, nimruhusu?"

Nilikaa na ile simu hadi saa saba usiku. Maneno yale yale niliyasikia mwaka 2004, Ukerewe, nikiwa na miaka 12, nimejibanza nyuma ya mlango.

Baba alikuwa mvuvi wa dagaa. Watu wa ziwani mnajua: dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inalala ufukweni na hela inakauka nyumbani. Yule shangazi (si wa damu, tulisali naye kanisa moja) alikuja wakati wa mbalamwezi. Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba wenye kazi hii wanaijua kalenda ya ziwa kama wavuvi wenyewe. Hakuniiba. Mama alinifungia nguo kwenye mfuko wa rambo, akanisindikiza hadi Nansio, akamshukuru. Alimshukuru mara tatu. Nilihesabu.

Meli hadi Mwanza, basi hadi Dar. Mama mwenye nyumba akamhesabia shangazi noti mbele yangu, nami nikadhani ndiyo ada yangu. Shule sikuiona. Nilifua, nilipika, nililea mapacha, nililala jikoni, miaka miwili bila senti. Mengine ya miaka ile nayaacha. Aliyeniokoa ni muuza vitumbua wa jirani, aliyeniuliza asubuhi moja, "We mtoto, mbona sijawahi kukuona na sare?" Akanishika mkono hadi kwa mwenyekiti wa mtaa. Hapo ndipo nilipogundua sina kitu kichwani: sijui namba ya simu ya mtu yeyote, sijui hata mtaa ninaoishi unaitwaje. Nilijua jina la shule yangu ya kisiwani, basi. Kwa jina hilo walinirudisha.

Leo nina cherehani nne Kirumba, hapa Mwanza, na mafundi wawili ninaowalipa kila Jumamosi. La saba nilimalizia MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa shule. Najivunia, na sioni aibu kusema. Ninyi mnaonisoma mnataka alichokitaka mama yangu: mtoto atoke, asome, siku moja aje aezeke nyumba kwa bati. Ni hamu njema. Na hiyo hiyo ndiyo wanayoitumia kutuchukulia watoto.

Sasa, mama wa Kome. Anayetaka kumsomesha binti yako ataanzia shuleni. Mtoto wa shule ya msingi hahami bila uhamisho, na uhamisho unapita kwa mwalimu mkuu wa anakotoka na wa anakokwenda. Mwambie yule mwanamke, twende wote kwa mwalimu mkuu ukaitaje hiyo shule. Tukitoka hapo twende kwa mtendaji wa kijiji, uache jina lako, namba ya kitambulisho na simu ya hiyo familia. Akisema hana muda, umeshajibiwa. Akisema karatasi atazituma akifika, umeshajibiwa. Mwalimu mkuu kwanza. Narudia, mwalimu mkuu kwanza.

Mtoto naye aijue namba yako kwa kichwa, na aijue 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto, haina malipo.

Na usiniambie mtoto mwenyewe kakubali, au wewe mzazi umeridhia. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 haipokei utetezi huo, wa mtoto wala wa mzazi. Ilitungwa miaka minne baada ya mimi kupandishwa meli. Hesabu hiyo huwa inaniuma.

Nanyi majirani. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, gari linavuka kwa dakika chache, na kwa wagonjwa wetu ni baraka kubwa. Lakini zamani, kwenye foleni ya kivuko kilichokuwa pale kabla ya daraja, mama lishe na wauza samaki walipata muda wa kumtazama mtoto asiye na mzazi wake na kumuuliza anakwenda wapi. Swali hilo sasa liulizwe kijijini, kabla hajapanda gari. Unamwona jirani anatoa mtoto, unanyamaza kwa sababu si wako? Nenda kwa mtendaji, nenda Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Mungu atakuuliza ulikuwa wapi.

Jumamosi nakwenda Kome. Nitavuka daraja, nishike njia ya Nyakaliro, nipande kivuko. Nimemweleza mama yangu, maana siku hizi naishi naye hapa mjini. Miaka yote hii hatujawahi kuizungumzia siku ile ya Nansio. Alikuwa anachambua dagaa, akaendelea kuchambua. Baadaye akaniuliza kivuko kinaondoka saa ngapi, kwa sababu na yeye anakuja.