Muhula wa pili: rais wa Marekani na dunia

Rais wa Marekani akichaguliwa tena, hugeuka mtu mwingine?

Mtu ni yuleyule, ila hana tena kura ya kuomba. Katiba yao, tangu marekebisho ya 1951, hairuhusu kuchaguliwa mara ya tatu. Mwangalie Ronald Reagan. Mwaka 1983 aliuita Muungano wa Kisovieti himaya ya uovu, na muhula wake wote wa kwanza ukapita bila kukutana na kiongozi mkuu wa Moscow. Novemba 1985 akakaa na Gorbachev, kiongozi mpya wa Kisovieti, mjini Geneva. Desemba 1987 wakatia saini mkataba wa kuteketeza makombora ya nyuklia ya masafa ya kati. Mei 1988, akitembea Moscow, mwandishi wa habari alimkumbusha yale maneno. Akajibu kwamba yalikuwa ya zama nyingine. Lakini tusimpe sifa zote: Gorbachev alishika madaraka Machi 1985, na mkono mmoja haulei mwana.

Kwa nini Obama alichelewa kuigeukia Kuba?

Florida. Wapiga kura wenye asili ya Kuba ni wengi kule, na jimbo lile lilikuwa likiamua nani aingie Ikulu. Alitangaza kurejesha uhusiano na Kuba Desemba 2014, wiki chache baada ya uchaguzi wa Bunge. Ubalozi ukafunguliwa 2015, naye akatua Havana Machi 2016. Vikwazo vya biashara vikabaki, maana vimo kwenye sheria na Bunge halikukubali kuvifuta. Mapatano ya nyuklia na Iran ya 2015 nayo hayakupelekwa Seneti kama mkataba. Trump akajitoa Mei 2018. Ndiyo maana jambo la dakika za mwisho lisilo na sheria nyuma yake huwa silitegemei.

Niko Tanga. Haya yananihusu nini?

Yanakuhusu kwelikweli. Februari 2008, ikiwa imebaki miezi kumi na moja aondoke, George W. Bush alikuja Dar es Salaam akatia saini na Rais Kikwete msaada wa dola milioni 698 kwa barabara, umeme na maji. Ukipanda gari Tanga kwenda Horohoro, ile lami inayokufikisha mpakani imetokana na fedha hizo.

Je, Trump? Muhula wake wa pili haukufuatana na wa kwanza.

Hapo safari imekuwa ya haraka zaidi. Kujitoa Shirika la Afya Duniani alikuanza 2020, Biden akakufuta. Januari 20, 2025 alikurudisha siku ileile ya kuapishwa, na siku hiyohiyo akasimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Mpango wa dawa za VVU ulioanzishwa na Bush mwaka 2003 ukatikisika. Kwetu mtikisiko huo ulifika hadi kliniki, kwa mama aliyekwenda kuchukua dawa zake kama kila mara, safari hii hajui kama mwezi ujao atazikuta.