Snokeli ya bomba la inchi 2: tatizo ni urefu au upana?

Swali: Habari za kazi, injinia. Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha, nina Land Cruiser yenye injini ya 1HZ. Vumbi la njia za hifadhini lilinichosha, nikamwomba fundi anitengenezee snokeli, yaani bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu ya gari. Alitumia bomba la plastiki la inchi 2, mita 2 hivi, na elbo tatu. Tangu siku hiyo gari ni zito mlimani na linatoa moshi mweusi. Fundi anashauri tulifupishe bomba. Je, urefu ndio tatizo?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Usilikate. Urefu unachangia, ila kidogo. Kinachoibana injini yako ni kipenyo, na baada yake zile elbo.

Tuanze na hewa yenyewe. 1HZ ni injini ya lita 4.2, na kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili. Ukiikanyaga hadi mizunguko 3,800 kwa dakika, inataka kama lita 110 za hewa kila sekunde. Kwenye bomba la inchi 2 hewa hiyo inalazimika kukimbia zaidi ya mita 50 kwa sekunde. Kwenye la inchi 3, mita 24 hivi zinatosha. Mwendo ukiongezeka mara mbili, presha inayopotea njiani huongezeka mara nne. Ndiyo maana, kwa hewa ileile, bomba likirefuka mara mbili msuguano nao huwa mara mbili tu, lakini kipenyo kikipungua kuwa nusu, msuguano hupanda karibu mara 32. Kushuka kutoka inchi 3 hadi 2 peke yake ni zaidi ya mara 7.

Elbo za mabomba ya maji nazo zina kona kali. Moja ya namna hiyo, ya inchi 2 kama zako, huzuia hewa sawa na mita 2 hadi 3 za bomba lililonyooka, na wewe unazo tatu. Kwa hiyo ukikata hata nusu mita, hutaona tofauti barabarani.

Kwa hesabu yangu, snokeli yako inakula kilopaskali (kipimo cha presha) 6 hadi 7 injini ikivuta kwa nguvu zote. Kwenye injini nyingi za dizeli, chujio la hewa likifika kama 6 linahesabiwa limeziba na linabadilishwa. Ni kama umefunga chujio chafu juu ya lile ulilonalo.

Na huku kwetu hewa yenyewe ni pungufu. Dar es Salaam presha ya hewa ni kilopaskali 101 hivi. Arusha, kwenye mita 1,400, ni kama 86. Ukipandisha kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, ukaendelea hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, unabaki na 77 hivi. 1HZ haina tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) ya kufidia. Pampu haijui kwamba bomba limebana, inaendelea kupeleka dizeli, na isiyoungua vizuri ndiyo huo moshi mweusi. Mimi nguvu iliyopotea hainitishi sana, naogopa joto. Dizeli ikizidi hewa kwenye mlima mrefu, pistoni na silinda hedi zinaumia.

Wazo lako la snokeli ni zuri, maana juu vumbi ni chache. Tafuta bomba la inchi 3 (pima ndani, si nje), kona ziwe pana, za kukunjwa. Mpira wenye mikunjo utumie kipande kifupi tu, kwa sababu mikunjo huongeza msuguano. Penye kupungua upana, papungue taratibu.

Urefu una kazi kubwa mahali pengine, kwenye mikono ya manifodi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwa kila silinda: mirefu husaidia nguvu ya mwendo wa chini, mifupi ya juu. Hilo halihusiani na snokeli.

Kabla ya kununua chochote, pima. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uukunje umbo la U, kila upande uzidi mita moja, utie maji kiasi yafike nusu. Ncha moja iunge kati ya chujio na manifodi, nyingine iache wazi. Mwenzako akanyage mafuta hadi mwisho, gari likiwa limesimama. Pima tofauti ya vimo vya maji, kisha vua snokeli upime tena. Kila sentimita 10 zilizopungua ni karibu kilopaskali moja iliyokuwa ikiliwa na snokeli. Zikikaribia sentimita 60, bomba hilo livue kabla ya safari ijayo.