Datsun 240Z ya marehemu ami: niifufue ama niiachie skrepa?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni msomaji wenu huku Kilifi. Ami yangu alifariki mwaka jana akaacha Datsun 240Z ya 1972, imelala chini ya mwembe nyuma ya nyumba tangu mimi niko shule ya msingi na saa hii nina miaka 41. Sakafu upande wa dereva imetoboka unaona mchanga, mlango haufungi mpaka uunyanyue, injini haizunguki kabisa. Jamaa wa skrepa amefika elfu 60. Fundi mmoja wa hapa kaniambia nimpe laki 3 ataitoa mpya na rangi juu. Mke wangu asema tuuze, lakini roho yangu inakataa manake nilipokuwa mdogo ami alikuwa akinipakia humo tukienda Malindi. Je inafaa kutengenezwa ama najidanganya?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa ami. Hao watu wawili usiwape jibu wiki hii. Elfu 60 ni bei ya chuma cha kupimwa kwa kilo, na laki 3 kwa hali uliyoieleza ni filla, ile pasta ya kuziba matundu ya bodi, na rangi basi, nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa na Datsun 1600 SSS nikamwachia fundi wa bodi, kuirudia inang'aa kama sinia ya harusi, nikalipa nikafurahi, masika yalipoisha nikabonyeza juu ya gurudumu la nyuma kwa kidole gumba kikazama. Chini ya rangi filla, chini ya filla gazeti lililokunjwa. Siku hio nilikaa chini pale pale gereji nikashindwa kusema.

Hio ya ami si gari ya kuchezea. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally ya 1971 na 240Z, halafu 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nayo tena, ndo maana ukiitaja kwa wazee wa Kenya macho yanawaka. Na sheria yetu hairuhusu kuleta gari iliyozidi miaka 8, kwa hivyo zilizobaki hapa ndo hizo hizo, moja ikikatwa usitarajie kupata nyingine kirahisi.

Lakini mapenzi peke yake hayashiki bodi. 240Z haina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover, bodi yenyewe ndo chesisi, kwa hivyo kutu ikila chini gari inalegea yote. Huo mlango wa kunyanyua umenitia wasiwasi kuliko injini. Ufungue, ushike mwisho wake uupandishe. Mlango ukicheza kwenye bawaba, bawaba zimelika tu, kazi ndogo. Lakini kama bawaba ziko imara na ukiufunga unaona nafasi ya juu imebana na ya chini ni pana, basi gari imeshaanza kukunjika katikati.

Sasa chukua bisibisi kubwa ulale chini. Usiitie jeki gari iliyooza ukaingia, weka magogo kwanza. Gonga kwa mpini zile chuma mbili ndefu zinazotoka mbele kupita chini ya sakafu, gonga chini ya pahali pa betri manake asidi humwagikia hapo miaka na miaka, gonga kizingiti cha mlango pande zote, halafu fungua boneti ugonge pale shokapu zinaposhikia juu. Ikilia ting, chuma kipo. Ikitoa sauti butu na vumbi jekundu likashuka, choma kwa ncha uone.

Ikiwa ni sakafu na vizingiti tu, mimi nasema itengeneze. Marekani walizinunua kwa wingi, mpaka leo mabati ya sakafu yanauzwa mapya, na mchomeleaji mwenye subira atayashika. Ikiwa chuma za chini zimeoza pamoja na pa kushikia shokapu, iache. Lakini hata hapo usimpe wa skrepa, muuzie nzima mtu mwenye Z nyingine, vioo na taa na giaboksi ni dhahabu kwake.

Injini isikutishe. Ni silinda sita, lita 2.4, ngumu kweli kweli. Toa plagi zote, mimina mafuta ya kulegeza kutu kila silinda, subiri wiki, kisha jaribu kuizungusha kwa spana kwenye puli ya mbele, taratibu, mbele na nyuma. Starta usiiguse. Ikikataa kabisa, ile injini ya L28 ya Nissan Patrol za zamani ni ndugu yake na inaingia. Rangi iwe ya mwisho kabisa, bodi kwanza, breki, injini, na yeyote atakayeanza na rangi mkimbie.

Kuhusu pesa, mkeo ana haki. Ukitafuta faida uza kama ilivyo, manake utatumia zaidi ya ulivyopanga na kazi itachukua miaka. Keti naye mkubaliane kiasi cha kila mwezi ambacho hakigusi karo wala chakula, na mwezi ambao hakipo gari ilale. Na msitumie hata shilingi kabla ya mirathi, logibuku bado ni ya marehemu na bila karatasi za korti huwezi kuihamisha. Linganisha namba ya kwenye logibuku na ile iliyogongwa kwenye ukuta wa bodi ulio nyuma ya injini, inafaa ianze na HS30.

Leo jioni fanya moja tu. Chini ya kioo cha mbele kuna matundu ya hewa, majani ya mwembe yamejaa humo, maji yanakaa na kushukia kwenye vizingiti. Yatoe yote kwa mkono. Halafu tandaza turubai juu ya miti minne, lisiguse bodi, upepo upite.