Kabla hujanunua jiko la umeme la presha, soma mita yako

Jiko langu la umeme la presha nililinunua kwa shilingi 150,000. Muuzaji aliniapia kwamba hela hiyo itarudi ndani ya miezi mitatu. Mwezi wa kwanza nikatazama matumizi yote ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, nikavunjika moyo: yalikuwa yamepanda. Lakini ulikuwa mwezi wa Januari, Dar es Salaam, na feni mbili zilikuwa zinalala zikizunguka. Hesabu ya mwezi mzima isingeweza kuniambia lolote kuhusu jiko.

Ndipo nikaanza kupima chungu kwa chungu. Unazima friji na kila kilichochomekwa, unaandika uniti zilizobaki kwenye mita, unapika, unaandika tena. Kilo moja ya maharage yaliyolala kwenye maji ilikula nusu uniti. Kwenye mkaa maharage hayohayo yalikuwa yakinimalizia kisado kizima cha shilingi 2,000, ila hapo sikutenda haki, maana ya mkaa nilikuwa siyaloweki. Nilipoyaloweka nayo, nusu kisado ikatosha. Shilingi 1,000 iliokoka kwa maji ya bomba na subira ya usiku mmoja! Anza na hilo kabla hujaenda dukani.

Bei ya uniti nayo ina mtego. Ukigawa hela uliyolipa kwa uniti ulizopata, unaweza kukuta umeme ni ghali mno, kumbe ndani yake imekatwa kodi ya jengo, ambayo ungelipa hata kama unapikia kuni. Iondoe kwanza. Mteja wa kawaida wa nyumbani hutozwa shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) asilimia 1, inafika kama 356. Kwa hiyo chungu changu cha maharage ni shilingi 180 hivi, dhidi ya 1,000 ya mkaa. Kwetu maharage, makande au utumbo hupikwa mara tatu kwa wiki. Hela ya jiko inarudi baada ya miezi 14. Siyo mitatu, lakini inarudi, nami nimeridhika.

Aliye kwenye kundi la matumizi madogo ahesabu kwa uangalifu zaidi. Huko uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, mradi usivuke 75 kwa mwezi. Kila uniti ya ziada ni 350. Mpangaji mwenzangu wa zamani, mwenye mita yake, alikuwa akitumia 65. Maharage mara tatu kwa wiki yalimfikisha 71 au 72, na kila chungu kilimgharimu shilingi 61 tu. Alipoongeza birika la umeme na wali wa kila siku, akavuka. Birika alilirudisha kabatini, jiko akabaki nalo. Na kama nyumba nzima mnachangia mita moja, 75 hizo mmeshazivuka zamani. Piga hesabu kwa 356 ya mteja wa kawaida.

Chapati na ugali sijavihamisha. Mtungi wangu wa gesi wa kilo 6 bado uko jikoni, na sasa, kwa kuwa hauchemshi tena makande, nauhesabia siku zake upya.