Usimalize kulipa "bei ya mkononi" kabla cheti cha TRA hakijatoka

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba nyumba ya Njiro, Arusha, mmekubaliana milioni 130 mkononi, Jumatatu mnaingia benki kummalizia mzee anayeuza pesa yake, halafu "mambo ya kodi na hati tutayamaliza taratibu". Ukauliza kodi ya majengo ni kiasi gani kwa mwaka, gharama za kuhamisha hati zikoje, kama mkopo wa benki ungefaa zaidi, na kama Moshono isingekuwa bora kuliko Njiro. Nimefika kwenye hilo neno "mkononi" nikaacha kazi niliyokuwa nafanya.

Kodi ya majengo naisema haraka maana si hiyo itakayokuumiza. Inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka, na ya ghorofa kwa mjini ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Nyumba ikikaa muda mrefu bila kununuliwa umeme, deni linajilimbikiza na utalikuta siku unapoingiza umeme wako wa kwanza. Hata likiwa la miaka miwili, halikufilisi.

Kinachofilisi ni kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida inayopatikana mtu akiuza mali. Hii kisheria ni ya muuzaji, kwa sababu yeye ndiye aliyepata faida. Lakini Msajili wa Hati hasajili uhamisho mpaka aone cheti cha TRA (Mamlaka ya Mapato) kwamba kodi imelipwa au haidaiwi. Sasa angalia nani anabaki na shida. Muuzaji pesa keshapata, hati haimhusu tena. Wewe ndiye unayetaka jina lako lisomeke. Anayetaka ndiye atakayelipa. "Mkononi" maana yake ni hiyo tu: kiasi kile kifike kwake kizima, na kila kinachodaiwa na serikali kibaki shingoni mwako, iwe umekielewa au hujakielewa.

Mimi nilinunua mwaka 2021, humu humu Arusha. Milioni 95 mkononi. Dalali, ambaye alikuwa ameshaweka cha juu chake kwenye bei hiyo hiyo, alinihakikishia kwamba kodi ni "vitu vidogo vidogo, wakili anamaliza". Wakili niliyeletewa na dalali huyo huyo akaandika kwenye mkataba wa mauziano sentensi moja: gharama zote za uhamisho, pamoja na kodi, zitabebwa na mnunuzi. Akanisomea kwa sauti kama mtu anayesoma tarehe. Hakunieleza kwamba sentensi ile ilikuwa inahamisha kodi ya mtu mwingine kuja kwangu. Nilimlipa mimi, mkuu. Pesa yangu, na alimfanyia kazi muuzaji. Mpaka leo nikimwona mtaani damu inachemka.

Nikalipa yote siku ile ile. Ilipofika zamu ya TRA, wakahitaji TIN (namba ya mlipakodi) ya muuzaji na vielelezo vyake: kiwanja alinunua kwa shilingi ngapi, nyumba ilimgharimu nini. Karatasi ya kiwanja alikuwa nayo, milioni 4 za mwaka 2006. Risiti za ujenzi hakuna hata moja ya mfuko wa saruji. Na alikuwa ameshahamia Dodoma, simu anapokea akijisikia. Kwa hesabu za wakati ule, mtu mkazi alilipa asilimia 10 ya faida, na kama huwezi kuonyesha gharama, faida inaonekana kubwa mno. Juu ya hapo, ripoti ya uthamini ilitoka na milioni 110, si 95 tulizoandika, na hiyo 110 ndiyo iliyotumika. Kodi ikaja milioni 10 na ushee. TRA hawakunionea, walifuata sheria. Walionionea ni wale wawili waliokaa mezani wakijua.

Ongeza ushuru wa stempu asilimia 1, ambao ni wa mnunuzi kihalali kabisa, na malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi (ile ya kila mwaka ya kiwanja chenyewe) ambayo muuzaji hakuwa amelipa kwa miaka. Lile deni linakifuata kiwanja, halimfuati mtu. Bila kulifuta, ofisi ya ardhi haikuruhusu uhamishe, na kila mwezi wa kuchelewa lina riba. Nyumba ya milioni 95 ikaishia kunigharimu zaidi ya 106, na hati ikakaa kwa jina la mwingine huku mimi nikiwa nimeshapaka rangi na kuweka geti.

Sasa ya kwako. Sheria imebadilika kidogo mwaka 2023: muuzaji mkazi asiye na kumbukumbu za gharama zake anakatwa asilimia 3 ya thamani badala ya kuhesabiwa faida. Kwa milioni 130 hiyo ni milioni 3.9. Mwenye kumbukumbu bado ni asilimia 10 ya faida. Tuseme alinunua na kujenga kwa milioni 60 na ana ushahidi, faida ni 70, kodi ni milioni 7. Na kama mzee ameishi humo miaka mitatu au zaidi na faida yake haizidi milioni 15, hadaiwi kitu, ila cheti kinahitajika vilevile. Unaona kwamba kuanzia sifuri hadi milioni 7 yote yanategemea makaratasi ya mtu ambaye wewe Jumatatu unataka kumpa pesa yote aondoke nayo?

Atakuja mtu akwambie muandike bei ndogo kwenye mkataba ili mkwepe. Usikubali. Thamani inapimwa na mthamini na kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, karatasi yenu haimtishi. Mambo yakiharibika ukaenda mahakamani, unadai kile kilichoandikwa, si kile ulichotoa. Na siku utakapouza wewe, ile bei ndogo ndiyo itakayohesabiwa kuwa gharama yako, kwa hiyo faida yako itavimba na utalipa kodi uliyomkwepeshea mzee.

Mke wa muuzaji naye asaini ridhaa. Hilo halina mjadala.

Kanuni yangu ni moja na sitaipunguza: shilingi ya mwisho haitoki mpaka cheti cha TRA na risiti ya kodi ya ardhi viko mkononi MWAKO. Bakiza asilimia 20 angalau. Pesa iliyobaki ndiyo itakayompandisha muuzaji ngazi za ofisi ya TRA. Maneno mazuri hayampandishi. Tafuta wakili wako mwenyewe, asiyejuana na dalali, na mwambie aandike hivi: "Kodi ya ongezeko la mtaji na malimbikizo yote ya kodi ya pango la ardhi hadi siku ya mauziano ni jukumu la muuzaji. Mnunuzi atabakiza kiasi kadhaa cha bei mpaka atakapokabidhiwa cheti cha TRA na risiti husika. Muuzaji asipolipa, mnunuzi atalipa na kukata kwenye kiasi hicho." Na fomu namba 29, 30 na 35 za uhamisho azisaini siku ile ile mnayosaini mkataba, akiwa bado anakuhitaji.

Jumatatu usiende benki. Nenda ofisi ya ardhi na nakala ya hati, omba upekuzi rasmi ujue jina lililoandikwa ni la nani na kama kuna rehani au zuio la mahakama, na uulize deni la kodi ya ardhi la kiwanja hicho. Ukishajua, mkalishe mzee umpigie hesabu mbele yake. Akishikilia "mkononi", basi bei ishuke kwa kiasi cha kodi na deni, kwa maandishi. Akikataa na hilo, mwachie nyumba yake. Dalali atakupigia simu mchana kutwa akisema kuna mteja mwingine ametoka Moshi na pesa taslimu. Mwache huyo mteja anunue.